Gari linalozima lenyewe na kuwaka tena

Injini ya petroli huzunguka kwa vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche. Kikikosekana kimoja moja kwa moja, gari haliwaki kabisa, na fundi mwenye uzoefu wa kawaida hukijua kabla ya chai ya saa nne. Taabu iko kwenye gari ambalo kimojawapo hukatika kwa dakika chache tu kisha kikarudi. Gari hilo hutoka Kibaha likivuta vizuri, likazima ghafla Mbezi, likakaa pembeni mwa barabara nusu saa, kisha ufunguo ukizungushwa mara moja linawaka. Likifikishwa gereji hunguruma mchana kutwa bila kosa, kama mgonjwa ambaye homa humshuka mara tu afikapo zahanati.

Kwa kuwa hakuna cha kuonyesha, kubahatisha huanza. Hubadilishwa plagi, kisha filta ya mafuta, kisha pampu, kisha koili, na mwisho distribyuta ya mtumba hununuliwa Gerezani, Kariakoo, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Kila kifaa kinachofungwa huleta matumaini ya siku tatu nne, kwa sababu gari lenyewe lina desturi ya kukaa siku tatu nne bila kuzima. Likirudia, kifaa kipya hushukiwa nacho kuwa kibovu, au lawama hutupiwa kituo cha mafuta. Bili hupanda, na ugonjwa uko pale pale.

Mfano unaofaa kufuatwa ni Toyota Corolla za miaka ya 1990, yaani E100 iliyotoka Japani mwaka 1991 na E110 iliyofuata mwaka 1995, zenye injini za 4A-FE na 5A-FE. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, lakini yaliyoingia zamani bado yanatembea, na Dar es Salaam na Kampala hayajaisha. Corolla hizo zina kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi, na wakati huohuo zina distribyuta. Kwa hiyo hubeba magonjwa ya zama zote mbili. Mengi yanayozihusu yanafaa pia kwa Nissan, Honda, Mitsubishi na Suzuki za umri huo.

Jinsi linavyozima

Uchunguzi huanza kwa dereva. Yeye ndiye aliyekuwepo gari lilipozima, na maelezo yake yana thamani kuliko mashine ya kupimia, ilimradi aulizwe vizuri. Jibu la "linazima tu" halimsaidii fundi kitu.

Gari linalokatika ghafla, kama vile mtu amezungusha ufunguo, bila kukohoa wala kupiga misi, kwa kawaida limekosa umeme: ama cheche imepotea, ama kompyuta imezimika, ama umeme mkuu umekatika. Gari linaloanza kupoteza nguvu, likavuta kwa kusitasita, likakohoa mara kadhaa ndipo likazima, mara nyingi limekosa mafuta, maana presha iliyobaki kwenye paipu huisha kidogo kidogo. Lile linalozima tu mguu unapotoka kwenye pedali, kwenye taa za barabarani au mbele ya tuta, huku kwenye barabara kuu likikimbia bila shida, lina tatizo la hewa ya sailensi. Mgawanyo huu una vighairi vyake. Pampu iliyokatikiwa umeme wakati injini inavuta mzigo inaweza kuliangusha gari haraka sana. Hata hivyo huo ndio mlango wa kuingilia, na anayeuruka huzunguka sana.

Dashibodi nayo hutoa ushahidi, na wengi huwa hawautazami kwa sababu ya hofu ya wakati ule. Injini ikizima ufunguo ukiwa bado mahali pake, taa za oili na betri zinapaswa kuwaka. Kama dashibodi nzima imekuwa giza na redio imenyamaza, basi hakuna haja ya kugusa pampu wala plagi. Tatizo liko kwenye betri, fyuzi kuu au swichi ya ufunguo. Mshale wa raundi, kwa magari yanayoupata umeme wake kutoka kwenye mfumo wa cheche, una habari nyingine. Gari la gia za mkono likizima likiwa kwenye mwendo na gia bado imeingia, magurudumu huendelea kuizungusha injini. Mshale ukianguka hadi sifuri mara moja wakati injini bado inazungushwa, ishara ya cheche imekatika. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo wa gari, cheche ipo, na macho yahamie kwenye mafuta.

Mengine ya kuandikwa ni ya kawaida lakini husahaulika: lilikuwa limetembea muda gani, mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tangi, kiyoyozi kilikuwa kimewashwa, mvua ilikuwa inanyesha, gurudumu lilikuwa limeingia kwenye shimo, na lilichukua muda gani kuwaka tena. Kumbukumbu za mara tatu au nne kwa kawaida hupunguza washukiwa hadi wawili.

Waya, athi na katauti

Kabla ya kutoa fedha, kuna mambo yasiyogharimu chochote. Vichwa vya betri hushikwa kwa mkono na kutikiswa; kikizunguka hata kidogo hakijakazwa. Waya wa athi unaotoka kwenye betri hadi kwenye injini na bodi hufunguliwa, husuguliwa na kurudishwa. Injini hutikisika kila siku, na nyuzi za waya huo hukatika ndani ya ganda moja baada ya nyingine mpaka zikabaki chache. Alteneta nayo hupimwa: injini ikiwa inafanya kazi, mita ioneshe kati ya volti 13.5 na 14.5 kwenye betri. Gari linalozima usiku, taa na wipa vikiwa vinafanya kazi, halafu starta ikasota, lina kisa cha kuchaji.

Afrika Mashariki ina chanzo kimoja ambacho vitabu vya huduma vya Japani havikitaji kabisa, nacho ni vifaa vya kuzuia wizi vilivyofungwa baadaye. Gari la miaka 25 limepita mikononi mwa wamiliki wengi, na karibu kila mmoja aliongeza chake: alamu, katauti iliyofichwa chini ya kapeti, kifaa cha kulifuatilia gari chenye rilei ya kulizima kwa simu. Vyote hivyo hukata waya mmoja kati ya ule wa pampu na ule wa cheche, na vingi vimeunganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa gundi ya umeme. Gundi hukauka kwa joto, shaba huota ukungu wa kijani, na kiungo huanza kupitisha umeme kinapotaka. Mfuniko wa chini ya usukani ukifunguliwa, waya zilizoongezwa hujitambulisha zenyewe: rangi hazifanani na za kiwandani, hazikuvalishwa ganda la kuzikusanya, na zinaning'inia. Injini ikiwa inanguruma, kila kiungo hushikwa na kutikiswa kwa vidole. Gari likizima mkononi, kazi imekwisha. Katauti ambayo mmiliki wa sasa hajui hata ilipo ni ya kuondolewa, na waya urudishwe kama ulivyotoka kiwandani, uunganishwe kwa risasi na si kwa kusokotwa.

Taa inayohesabika

Magari ya Japani ya miaka ya 1990 hayana soketi ya mashine za kupimia za leo. Mfumo huo wa pamoja ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na magari ya soko la Japani yaliufuata baadaye. Kwa sababu hiyo baadhi ya mafundi husema Corolla ya zamani "haipimiki". Inapimika, tena kwa kipande cha waya. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSTIC. Matundu yenye alama TE1 na E1 yakiunganishwa, ufunguo ukafunguliwa bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara moja, ikapumzika, kisha mara mbili, hiyo ni namba 12.

Kwa gari linalozima, namba za kutafuta ni chache. Namba 12 na 13 zinahusu ishara ya mzunguko inayotoka kwenye distribyuta. Namba 14 inahusu ignaita, kile kifaa kinachokata na kuachia umeme wa koili. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, na 31 ni sensa ya kupimia hewa. Namba hizi hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta hata baada ya gari kuwaka tena, lakini hufutika betri ikifunguliwa. Fundi anayepokea gari na kuanza kwa kuchomoa waya wa betri "ili lipumzike" amefuta ushahidi wote kwa mkono wake. Tena, kukosekana kwa namba hakumaanishi kwamba gari ni zima. Kompyuta huona nyaya zake tu. Haioni paipu iliyoziba wala tangi lenye uchafu.

Joto na cheche

Gari likizima baada ya kutembea muda mrefu, au kwenye foleni ya mchana, na likawaka tena baada ya dakika ishirini au thelathini, mshukiwa mkuu ni kifaa cha umeme kinachokufa kwa joto na kufufuka kikipoa. Kwenye distribyuta ya Toyota za wakati huo vifaa vya namna hiyo ni vitatu: koili, ignaita na koili ndogo za kutoa ishara. Katika injini nyingi vyote vimebanana kwenye sehemu moja, ubavuni mwa kichwa cha injini, mahali penye joto hasa.

Koili ndogo ya ishara ni waya wa shaba mwembamba kama unywele uliozungushwa mara nyingi. Ukikatika mahali pamoja, ncha zake huweza kuendelea kugusana injini ikiwa baridi. Joto likipanda, shaba na plastiki iliyoishikilia hutanuka kwa viwango tofauti, ncha zinaachana, na ishara inatoweka. Zikipoa zinarudiana. Ndiyo maana kipimo cha asubuhi gereji hakioni kitu. Kwa 4A-FE, kitabu cha huduma hutoa kati ya omu 370 na 550 kwa koili ya ishara ya mzunguko ikiwa baridi, na kiwango cha juu zaidi ikiwa na joto. Mita ikionesha mstari uliokatika mara tu baada ya gari kuzima, hakuna ubishi tena. Kila injini ina viwango vyake, na ni vya kutafutwa kabla ya kupima.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umewauzia watu pampu nyingi zisizohitajika. Kwenye Toyota hizi, pampu ya mafuta haifanyi kazi kwa sababu tu ufunguo umefunguliwa. Huendeshwa wakati starta inapiga, na baada ya hapo kompyuta huiacha iendelee ikiwa tu inapata ishara ya mzunguko kutoka kwenye distribyuta. Ishara ikipotea, pampu husimama. Vivyo hivyo, ignaita isipothibitisha kwamba imepiga cheche, kompyuta hufunga nozeli ili mafuta mabichi yasimwagike kwenye eksozi. Fundi anayefika wakati huo anakuta mafuta hayaji, anahukumu pampu, na pampu mpya inafungwa kwenye gari lenye ugonjwa wa distribyuta. Njia ya kuzitenganisha ni ileile ya kipande cha waya: kwenye kiboksi cha DIAGNOSTIC, matundu ya FP na +B yakiunganishwa, pampu hupata umeme moja kwa moja. Ikinguruma, ni nzima, na sababu ya kusimama kwake itafutwe juu zaidi.

Jinsi kifaa kidogo cha aina hii kinavyoweza kuisumbua hata kampuni kubwa, Marekani inao mfano. Ford ilifunga ignaita juu ya mwili wa distribyuta katika magari ya miaka ya 1980 na 1990. Joto la injini liliifikia moja kwa moja, na magari yalizima barabarani kisha yakawaka tena yakipoa. Kesi ya wamiliki ilifika mahakama ya California; mwaka 2000 jaji akaamuru magari hayo yarudishwe kurekebishwa, na mwaka 2001 pande mbili zikafikia mapatano. Yale yaliyofungwa ignaita mbali na distribyuta, kwenye bodi au jirani na rejeta, hayakuwa na shida ya kiwango hicho.

Kumkamata mshukiwa wa joto kunahitaji kumpasha. Gari likiwa linanguruma, mashine ya kukaushia nywele huelekezwa kwenye ignaita kwa dakika kadhaa, kisha kwenye koili, kimoja kimoja na si vyote pamoja. Kinacholizima gari ndicho. Mpini wa bisibisi ukigongwa taratibu kwenye kifaa husaidia kuamsha mpasuko wa ndani. Ignaita mpya isifungwe kikavu. Katikati yake na chuma inachokalia kuna dawa nyeupe ya kupitisha joto, na bila hiyo kifaa kizuri hufa mapema. Feni ya rejeta isiyozunguka vizuri nayo hupandisha joto la chini ya boneti lote, na ikirekebishwa baadhi ya magari haya huacha kuzima, ingawa kifaa dhaifu kinabaki dhaifu.

Kwenye magari yasiyo na distribyuta, kazi ya koili ya ishara hufanywa na sensa ya krenkishafti iliyoko karibu na puli au gurudumu la klachi. Tabia yake ni hiyohiyo, na kwa Peugeot, Renault na BMW za zamani ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupimwa.

Swichi na rilei

Honda za mwisho wa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990 zinajulikana dunia nzima kwa rilei moja iliyoko chini ya dashibodi, inayopeleka umeme kwenye pampu na kompyuta. Gari likiegeshwa juani madirisha yakiwa yamefungwa, haliwaki, au linawaka na kuzima. Jioni halina neno. Rilei ikifunguliwa na ubao wake kutazamwa kwa lenzi, duara jembamba jeusi huonekana kuzunguka mguu mmoja wa chuma, katikati ya tone la risasi linalong'aa. Huo ndio ufa. Kuyeyusha risasi upya ni kazi ya dakika chache kwa fundi redio, na hakuna spea inayohitajika.

Swichi ya ufunguo huchakaa pia. Ndani yake kuna vipande vya shaba vinavyoteleza, na baada ya miaka mingi huota masizi ya cheche. Rundo zito la funguo za nyumba, ofisi na kufuli za geti, likining'inia kwenye swichi iliyolegea, huweza kuivuta kutoka mahali pake gari linapopita kwenye shimo. Mwaka 2014 General Motors ililazimika kuyarudisha magari takriban milioni 2.6 kwa sababu ya swichi za namna hiyo. Injini zilizima gari likiwa kasini na mifuko ya hewa haikufunguka, na mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Jaribio la swichi ni jepesi: injini ikiwa inanguruma na gari limeegeshwa, ufunguo hutikiswa huku na huku bila kuzungushwa. Taa za dashibodi zikipepesa au injini ikashtuka, swichi ibadilishwe. Na rundo la funguo lipunguzwe hata kama swichi ni nzima.

Mafuta

Presha ya mafuta hupimwa kwa geji, na kwenye 4A-FE inapaswa kuwa karibu kilo 2.7 hadi 3.1 kwa sentimita ya mraba paipu ya vakyumu ikiwa imechomolewa. Kipimo cha gari lililoegeshwa hakitoshi. Kwa gari linalozima likitembea, geji yenye mpira mrefu, iliyobuniwa kwa kazi hiyo na isiyovuja, hufungwa na kulazwa nje kwenye kioo cha mbele ili msaidizi aisome barabarani. Mshale ukishuka kabla injini haijapoteza nguvu, kisa ni cha mafuta.

Uchafu wa tangi una mtindo wake unaodanganya. Kutu na vumbi huvutwa na kuganda kwenye kichujio kidogo kilichovaa mdomo wa pampu, gari linakosa nguvu na kuzima. Pampu ikisimama, uchafu huanguka chini, na baada ya dakika chache gari linawaka kana kwamba lilikuwa na joto tu. Tofauti na ugonjwa wa joto ni kwamba hili hutokea zaidi tangi likiwa na mafuta kidogo au gari likipanda mlima, hata asubuhi ya baridi. Pampu yenyewe hupozwa na petroli inayoizunguka, kwa hiyo desturi ya kutembea taa ya mafuta ikiwaka kila siku huifupishia maisha. Pampu iliyochakaa wakati mwingine hufufuka tangi likipigwa kofi kwa chini, na huo ni uthibitisho tosha kwamba muda wake umekwisha.

Mfuniko wa tangi usiopumua ni kisa kidogo lakini cha kweli: mafuta yanatoka, hewa haiingii, na hatimaye pampu inashindwa. Gari likizima, mfuniko ukifunguliwa na hewa ikavutwa ndani kwa nguvu, jibu limepatikana. Kuhusu mafuta yaliyochakachuliwa, Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuyatambua. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hulifanya gari lipige misi, ligome kuwaka na kugonga likivuta mzigo. Maji ndiyo hulizimisha. Kuzima ghafla na kuwaka tena kwa wiki kadhaa, kwenye mafuta ya vituo tofauti, hakuna uhusiano na kituo.

Linapozima kwenye sailensi tu

Kundi hili ndilo rahisi kuliko yote. Mguu ukitoka kwenye pedali, kipepeo cha hewa hufunga, na injini huishi kwa hewa inayopitia njia ndogo ya pembeni inayosimamiwa na valvu ya sailensi. Masizi yakiiziba, raundi hushuka chini ya 600 na gari linazima, hasa kiyoyozi kikiwaka au usukani ukikatwa hadi mwisho. Valvu na kipepeo husafishwa kwa dawa ya kabureta, na magari mengi hupona hapo hapo. Kuongeza sailensi kwa skrubu ili kuficha tatizo ni dawa ya wiki moja. Paipu za vakyumu zilizopasuka husikika zikifyonza, na sensa ya joto la maji inayodanganya huifanya kompyuta imwage mafuta mengi injini ikiwa tayari imepata moto. Vilevile valvu zilizobana, kwa sababu nafasi zake hazijapimwa miaka mingi, huiua sailensi injini ikiwa na joto. Hilo hukumbukwa mwisho, na si haki.

Magari ya kabureta, kama Peugeot 504, Datsun 1200 na Corolla KE70, yana orodha fupi zaidi: pointi zilizoungua, kondensa iliyochoka, uchafu kwenye bakuli la kabureta, na petroli inayogeuka mvuke ndani ya paipu iliyopita karibu na eksozi. Kondensa ni kifaa cha bei ndogo mno. Hubadilishwa bila mjadala. Paipu yenye joto huhamishwa, au huvalishwa kinga.

Kulikamata likiwa limezima

Yote yakishindikana, gari huendeshwa na vipimo vikiwa vimefungwa tayari. Testa ya kuonesha cheche kwenye waya wa plagi, taa ndogo kwenye soketi ya nozeli, na geji ya mafuta, vyote vitatu kwa pamoja, hutoa jibu katika dakika ileile ambayo gari linagoma. Asiye na vifaa hivyo anaweza kufanya jaribio moja palepale barabarani: kuchomoa waya mmoja wa plagi, kuufunga kwenye plagi ya akiba iliyolazwa kwenye chuma cha injini, na kumwomba mtu apige starta. Mkono usiushike waya, na pasiwe na petroli iliyomwagika karibu, kwa sababu koili hutoa maelfu ya volti. Cheche ya buluu inayolia maana yake mtuhumiwa ni mafuta. Isipokuwepo, ni umeme. Jaribio hilo lifanywe kabla injini haijapoa. Dakika kumi baadaye halina maana.

Kuna kisa kimoja kinachopita vipimo vyote, nacho ni kompyuta yenyewe. Kontroli boksi za miaka ya 1990, hasa za Mitsubishi, zina kapasita ambazo baada ya miaka huvuja maji yake kwenye ubao. Boksi likifunguliwa hutoa harufu ya samaki, na njia za shaba chini ya kapasita huonekana zimegeuka kijani. Fundi wa vifaa vya elektroniki anaweza kuziokoa kama shaba haijaliwa yote. Hata hivyo kompyuta hulaumiwa mara nyingi kuliko inavyostahili, na isibadilishwe kabla athi na waya zake hazijapimwa.

Tiba huthibitishwa kwa mazingira yaleyale yaliyolizima gari. Kama lilikuwa linazima mchana kwenye foleni baada ya saa moja, lipelekwe kwenye foleni mchana kwa zaidi ya saa moja, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Duru mbili za kuzunguka gereji hazithibitishi chochote. Kifaa cha zamani kilichotolewa kihifadhiwe mpaka wiki mbili tatu zipite, kwa sababu kikithibitika kizima huwa spea.

Hadi siku hiyo, dereva ajue kitu kimoja kuhusu breki. Servo hupata nguvu yake kutoka kwenye injini. Injini ikizima hubaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama mbao, na usukani wa pawa nao unakuwa mzito. Pedali ikanyagwe mara moja kwa nguvu na kushikiliwa, isipampiwe. Ufunguo usirudishwe hadi mwisho gari likiwa bado linatembea, maana usukani hujifunga. Na gari ambalo chanzo chake cha kuzima bado hakijajulikana lisipelekwe kwenye mteremko wa Kitonga wala wa Mai Mahiu, hata kama limewaka vizuri asubuhi hiyo.